Mnunuzi wangu ndo huyohuyo aliyenikopesha, nifanyeje?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua za Kigoma na Tabora zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja, nani anapanga bei na nani anamuamini nani. Nimechukua nne. Majina nimeyaacha na vijiji vingine nimevificha, maana hao wanunuzi nao wanasoma.

SWALI: Mwakeye shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Kibirizi hapa Kigoma, nanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi ikiingia, naanika kwenye chanja, wakikauka nafunga napakia kwa mtu wangu yupo Dar. Huyu kaka nimeanza nae miaka mitatu iliyopita, alinipa milioni 3 ya mtaji bila riba bila karatasi, akasema dada we nitumie mzigo tu, hela yangu utarudisha ukishasimama. Kwa kweli alinisaidia maana mume wangu alikuwa anaumwa na benki hata getini nisingefika. Shida ni kwamba bei anapanga yeye tena mzigo ukishafika kwake. Wenzangu hapa wanaouza kwa wengine wanapata zaidi kama elfu 2 kwa kila kilo. Mimi natuma kama kilo 250 kwa mwezi. Halafu kila mara kuna neno, mara dagaa wana mchanga, mara uzito umepungua njiani, mara soko limelala, hela inakuja vipande vipande. Nikisema nimuuzie mwingine anasema sawa, nirudishie milioni 3 yangu leo hiihii. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue 2024 hakunipigia hata simu ya salamu. Mama yangu anasema nisimuache kwasababu ni mtu aliyeniamini nikiwa sina kitu. Nimuache au nivumilie?
Mama Dagaa, Kibirizi

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa mume, natumaini saivi yuko vizuri.

Kabla ya kuongea habari za kuacha au kuvumilia chukua kalamu. Elfu 2 mara kilo 250 ni laki 5 kila mwezi. Maana yake ile milioni 3 isiyo na riba ilisharudi kwake ndani ya miezi sita ya kwanza, ila haikurudi kama deni, ilirudi kama bei. Ukichukua miaka yote mitatu ukatoa ile miezi mitatu ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, unabaki na miezi 33, na hiyo ni milioni 16 na nusu. Na milioni 3 bado unadaiwa kama siku ya kwanza! Hakuna benki mjini Kigoma yenye riba ya namna hiyo mwanangu.

Simuiti mwizi. Inawezekana kabisa hata yeye hajawahi kukaa akapiga hesabu, anajua tu kwamba ana dada yake Kibirizi ambaye mzigo wake hauna usumbufu. Mikopo ya hivi iko kila penye mazao, mpunga Igunga, kahawa huko Kalinzi, mahindi Kasulu, mtu anakuja kipindi cha njaa na hela mkononi anakwambia utanilipa kwa mzigo, na wewe unashukuru kwa moyo wote kwasababu siku hiyo ni kweli amekuokoa. Ubaya unaingia pale deni linapokuwa halina mwisho, kwasababu halijaandikwa popote linapungua kwa shilingi ngapi kila mzigo. Deni lisilopungua linageuka kuwa kamba.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Richard Emerson, mwaka 1962 alieleza hii habari ya nguvu kwa namna ambayo mimi naikubali mpaka leo. Alisema nguvu ya mtu juu yako ni sawasawa na kiasi unachomtegemea. Ukihitaji sana alichonacho nguvu yake inapanda, ukiwa na sehemu nyingine ya kukipata nguvu yake inashuka, hata kama yeye mwenyewe hajabadilika chochote. Kwahiyo usihangaike na tabia ya huyu kaka wala ukali wake kwenye simu. Hangaika na vitu viwili vinavyokufanya umtegemee, deni la milioni 3 na kutokuwa na mnunuzi mwingine hata mmoja. Hivyo viwili vikipungua utashangaa jinsi atakavyoanza kuongea na wewe vizuri.

Sasa geuza upande wa pili, maana hapa wauzaji wengi mnajisahau. Yeye anakutegemea kwa nini? Yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mwaloni. Hawezi kuamka saa kumi na moja alfajiri akaangalia mtumbwi upi umeleta dagaa wazuri na upi umeleta waliolala. Dagaa wa chanja na dagaa wa kuanikwa mchangani mteja wa Dar anawatofautisha akitafuna tu, na wewe unasema unaanika kwenye chanja. Kipindi cha mbalamwezi wavuvi wa taa hawaingii ziwani, mzigo unaadimika, na hapo yeye ndo anakuhitaji kuliko unavyomhitaji. Je, simu za kipindi hicho huwa anapiga mwenyewe au unapiga wewe? Nina hakika anapiga yeye. Basi mazungumzo ya bei yafanye kipindi hicho, usiyafanye kipindi cha giza wakati mwalo umejaa beseni za dagaa na kila mtu anatafuta wa kumuuzia.

Kuhusu neno la mama yako. Mama anaongea kitu cha kweli na usimpuuze. Ila kuamini kuko kwa aina zaidi ya moja. Mtafiti mmoja, Mari Sako, aliyelinganisha viwanda vya Uingereza na vya Japani miaka ya mwanzo ya 90, aligawa hivi: kuna kuamini kwamba mtu atatimiza alichoahidi, kuna kuamini kwamba ana uwezo wa kufanya kazi vizuri, na kuna kuamini kwamba atakutendea wema hata pale ambapo hakuna ahadi inayomlazimisha. Mpime kaka yako kwa hayo. Anatimiza? Hela inakuja lakini vipande vipande, kwahiyo nusu. Anao uwezo? Anao, miaka mitatu mzigo unauzika. Wema? Ule wa mwanzo alikufanyia na hatuufuti. Lakini ziwa limefungwa miezi mitatu, hujui watoto wanakula nini, na mtu unayemuita mtu wako hajapiga simu ya salamu, hilo nalo ni jibu. Wewe umekuwa ukimlipa kwa imani ya aina ya tatu wakati yeye anakurudishia nusu ya aina ya kwanza. Umeshamrudishia fadhila yake mwanangu, na nyongeza juu.

Kwahiyo usimuache kesho, na usivumilie hivi ulivyo. Mzigo unaofuata kabla haujapanda gari mpigie umwambie kwa heshima, "Kaka naomba tuweke hesabu sawa. Deni lako nalikumbuka na nataka nilimalize. Kuanzia mzigo huu unikate laki 2 kila mzigo mpaka liishe, na bei tukubaliane leo kabla sijafunga." Halafu yote mliyoongea yaandike kwenye meseji umtumie hapohapo, umalizie na neno kama nimekosea nirekebishe. Asipojibu nayo ni ushahidi wa aina yake, akijibu sawa ndo umepata mkataba. Watu wanadhani mkataba mpaka wakili na muhuri, sheria yetu ya mikataba inatambua hata makubaliano ya mdomo, shida ya mdomo inakuja kwenye kuthibitisha tu. Ikiwa unatuma mizigo miwili kwa mwezi deni linaisha ndani ya miezi nane.

Uzito upime Kibirizi, mbele ya dereva au mpakiaji, piga picha ya mizani na picha ya dagaa wenyewe wakiwa wazi kabla ya kufunga, tuma. Hii habari ya mchanga itapungua yenyewe. Na ujue kitu kimoja ambacho wanunuzi wengi hawapendi kukisikia: kwenye sheria ya mauzo ya bidhaa, mnunuzi ana haki ya kukagua mzigo na kuukataa, lakini akikaa nao muda mrefu bila kusema anaukataa anahesabika kaupokea. Mtu hawezi kuuza dagaa wako wote wakaisha halafu wiki ya tatu ndo akakumbuka walikuwa na mchanga.

Mnunuzi wa pili mtafute taratibu na umtafute wazi. Usimpe mzigo wote, mpe kiroba kimoja au viwili, uone analipa vipi, anaongea vipi, akikuta kasoro anasemaje. Wala usimfiche yule wa kwanza. Mwambie tu kaka sasa hivi nakutumia wewe kilo 200, nyingine kuna mtu hapa ananunua. Atakasirika, sawa. Atasema rudisha hela yangu leo. Wewe utakuwa na meseji inayosema laki 2 kila mzigo na utakuwa umeshalipa mara mbili tatu. Mwenye akili hapo hakati uhusiano. Na kama atakata, atakuwa amekupa jibu la swali lako mwenyewe bila mimi kukuamulia.

SWALI: Habari za kazi shangazi. Mimi naishi Tabora mjini, nanunua asali vijijini huko Sikonge naichuja napaki kwenye chupa nauza Mwanza na Dodoma. Nimewasaidia sana hawa warina asali, nimewapa ndoo, nimewapa mavazi na vya kufukizia moshi kwa hela yangu, makubaliano yakawa waniuzie mimi. Msimu uliopita kaja mtu na lori akapandisha bei kidogo tu, wakamuuzia yeye nusu ya mzigo, mimi nimefika nakuta ndoo zangu zina asali ya mtu. Niliumia sana aisee. Sasa mwakani nataka niwabane, nawasainisha mkataba waniuzie mimi tu na nikimkamata mtu kauza pembeni analipa faini. Bei nawapa ya ndoo kama wanunuzi wote. Naomba ushauri wa namna ya kuandika huo mkataba uwe mkali.
Mnunuzi wa asali, Tabora

JIBU: Mwanangu sitakuandikia mkataba mkali, nitakwambia kwanini, na naomba unisikilize mpaka mwisho kwasababu hasira yako naielewa.

Nianze na hiyo ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo moja na gramu 400, kwahiyo hiyo ndoo ina kama kilo 28. Wewe unanunua kwa ndoo halafu mjini unauza kwa uzito. Mrina asali mmoja akija Tabora mjini akasoma chupa yako imeandikwa nusu kilo akarudi nyumbani akapiga hesabu, siku hiyo imani inakufa na wewe hutaambiwa. Labda ndo kilichotokea. Huyu wa lori hakuwashawishi kwa bei kidogo tu, nadhani alikuta watu ambao tayari moyoni walikuwa wameshaondoka.

Nguvu unayo, hilo halina ubishi. Una chombo, una soko, una hela taslimu siku ambayo mtu anataka ada ya shule. Swali ni unaitumiaje. Kuna mifano miwili ya viwanda vya magari ambayo inafaa uijue, japo ni mbali na misitu ya Sikonge.

Mwaka 1992 kampuni ya General Motors ya Marekani ilimpa kazi ya kusimamia manunuzi bwana mmoja Mhispania, José Ignacio López. Akawaita wanaowauzia vipuri akawataka washushe bei, mikataba iliyokwisha sainiwa ikafunguliwa upya, kazi ikatangazwa tena na tena kutafuta wa bei ya chini. Kampuni iliokoa hela nyingi kweli, hilo tulikubali. Mwaka 1993 bwana akahamia Volkswagen. Ila aliacha nyuma watu waliokasirika, wauzaji ambao wakibuni kitu kipya wanampelekea kwanza mteja mwingine, na hiyo sifa ya kubana watu iliifuata GM miaka mingi baada ya yeye kuondoka.

Sasa wa pili. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani. Hao ndo walikuwa wanatengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota, na Toyota kwa mtindo wao hawaweki stoo kubwa, walikuwa na vali za masaa machache tu. Viwanda vyao vya Japani karibu vyote vikasimama. Kilichofuata ndo cha kukizingatia: makampuni mengi yanayoiuzia Toyota na Aisin, mengine hayajawahi kutengeneza vali maishani, hata Brother wale wa vyerehani, wakachukua michoro wakaanza kutengeneza usiku na mchana, bila kwanza kukaa kubishania bei wala nani atawalipa. Ndani ya wiki moja hivi magari yakawa yanatoka tena karibu kama kawaida. Toyota nao ni wabishi wa bei, usidhani ni watakatifu, wanamkalia muuzaji kila mwaka apunguze gharama. Tofauti ni kwamba wanaenda kiwandani kwake kumsaidia namna ya kuzipunguza, na kinachopatikana nae anakiona. Hao watu waliokesha wanatengeneza vali walijua hawatadhulumiwa kwasababu huko nyuma hawakudhulumiwa.

Wewe msimu uliopita ulipata moto wako, na watu hawakukesha kwa ajili yako. Uliwapa ndoo na mavazi, ni kweli, na walipaswa kukwambia kabla hawajauza, hapo walikukosea na una haki ya kuwaambia hivyo kwenye kikao. Lakini vifaa ulivyotoa kwako uliviona msaada na kwao inawezekana waliviona ni mtego wa kuwafunga wakuuzie kwa bei ya ndoo. Mliongea lini kuhusu hilo? Naona barua yako haina sehemu hata moja uliyokaa nao chini ya mwembe kuwauliza.

Ukinisikia fanya hivi. Nenda na mizani, ipeleke kwanza ikakaguliwe na Wakala wa Vipimo upate stika yao, na kila kijiji weka jiwe au kitu ambacho uzito wake wanaujua wao ili kabla ya kupima waijaribu mizani yako wenyewe. Nunua kwa kilo. Bei itangaze kabla ya urinaji haijaanza. Unyevu wa asali pima mbele yao, kale kadude ka kuchungulia unyevu wape nao wachungulie, waelewe kwamba ikizidi asilimia 20 asali inaweza kuchacha na wewe utapata hasara, ndo maana unawaambia wasirine masega ambayo nyuki hawajayaziba. Mtu akishaona mwenyewe kipimo hakushuku tena, akirudishiwa ndoo yake anajua kwanini. Vifaa viandike gharama yake, kila mtu na daftari lake, akatwe kidogokidogo, na vikiisha kulipwa ni mali yake, asikae maisha yote akiwa anarina na suruali ya bosi.

Na kuhusu wa lori atakuja tena, wa lori huwa wanakuja. Waambie mapema kabisa: akija mtu mwenye bei ya juu, nipigieni simu kwanza mnipe siku mbili, nikishindwa kufikia uzeni na wala sitanuna. Najua hii inakuuma kuisoma. Lakini mtu mwenye ruhusa ya kuondoka akabaki, huyo unaweza kumtegemea, na yule uliyemfunga kwa faini utakuwa unamlinda msimu mzima usiku na mchana, na msitu wa Sikonge hauna geti. Faini utamdai nani, mzee mwenye mizinga ya magome ishirini na nyumba ya udongo? Utampeleka wapi?

Kama una uwezo ongeza kitu kidogo mwisho wa msimu. Ukishauza Mwanza ukaona faida imekaa vizuri, rudi, toa kiasi fulani kwa kila kilo kwa waliokuuzia, hadharani, jina kwa jina. Kwenye vyama vya msingi vya kahawa na pamba watu wameshazoea kusubiri malipo ya pili, sio kitu kigeni. Ila usiahidi kama huna uhakika. Ahadi ya malipo ya pili ambayo haikuja ni mbaya kuliko kutoahidi kabisa, nimesikia vilio vya namna hiyo mikoa mingi.

SWALI: Shangazi nasaplai maharage na mchele kwenye shule ya bweni hapa Tabora, ya binafsi. Nawadai mihula miwili, zaidi ya milioni 9. Kila nikienda mhasibu ananiambia wazazi hawajalipa ada. Naogopa kuwa mkali nitapoteza tenda. Na mimi magunia nachukua kwa mali kauli kwa watu wa Nzega, wameanza kunipigia usiku.
Msambazaji mwenye presha

JIBU: Tenda gani hiyo unayoogopa kuipoteza, mwanangu? Tenda ya kuwalisha watoto wa watu kwa hela za watu wa Nzega? Wewe saivi ndo benki ya hiyo shule, na benki isiyo na riba.

Usipeleke gunia jingine. Mengine yanafuata hapo. Nenda na orodha ya mizigo yote na risiti za kupokelea zenye sahihi, omba wakusainie karatasi moja tu inayosema shule inakiri kudaiwa kiasi hiki na itamaliza kwa tarehe hizi. Hiyo karatasi ni dhahabu. Madai ya mkataba kisheria yana miaka sita ya kufunguliwa mahakamani, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi muda unaanza kuhesabiwa upya toka siku aliyokiri. Wakikataa kusaini ujue hawana mpango, hapo mtafute wakili akuandikie barua ya madai, mara nyingi barua peke yake inafungua droo.

Na usione aibu, usijione mnyonge peke yako. Mkubwa kumcheleweshea mdogo hela yake ni ugonjwa wa dunia nzima. Uingereza Januari 2016 msimamizi wa kanuni za maduka makubwa ya vyakula aliikuta Tesco ilivunja kanuni vibaya kwa kuchelewesha kwa makusudi hela za wanaowauzia. Umoja wa Ulaya mwaka 2019 ukatunga sheria kwamba vyakula vinavyoharibika mnunuzi mkubwa alipe ndani ya siku 30. Wenzetu wameona kwamba hapo kuaminiana peke yake hakutoshi, kwasababu anayecheleweshewa anapata hasara na anayechelewesha anapata faida. Mimi natamani hapa kwetu nasi tufike huko, nalisema hili kwa uchungu maana barua za aina yako ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu.

Wale wa Nzega wapigie wewe kabla hawajakupigia. Waambie ukweli wote, unaidai shule kiasi gani na lini unategemea kulipwa, watumie hata kidogo ulichonacho wiki hii. Kwenye mali kauli kinachoua jina lako ni simu isiyopokelewa, kuliko hata hela iliyochelewa. Mkulima anaweza kumvumilia mtu anayemwambia bado, asiyepokea simu anamtangaza soko zima.

Muhula ujao ukiamua kuendelea na hiyo shule, nusu ianze kabla gari halijapakia, na salio lisivuke mwezi. Wakisema hawawezi, kuna wauza chipsi, kuna mama ntilie, kuna kambi za mafundi, wananunua kidogokidogo lakini hela unaiona siku hiyohiyo.

SWALI: Shikamoo shangazi, niko Ujiji, nauza mawese. Mjomba wangu ana mashine ya kukamulia kijijini na ndo ananiletea madumu yote. Hatujawahi kuandikiana kitu. Siku hizi madumu mengine yanakuja yamechanganywa na maji, nikimwambia anasema vijana wa mashine ndo wanafanya. Rafiki yangu ananiambia nimuandikishe mkataba, mimi naona nitamvunjia heshima mjomba. Unasemaje?
Mpwa, Ujiji

JIBU: Marahaba. Mkataba wa kusaini na mjomba wako sikushauri, na sio kwa kuogopa heshima, ni kwasababu hata akiuvunja hutampeleka popote na nyote wawili mnajua. Daftari ndo nakushauri, na wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua mawili yanayofanana, moja lake moja lako, kila dumu linaloingia liandikwe tarehe, lita, na limepokelewa safi au lina kasoro, na kila wiki mnalinganisha. Mjomba hawezi kuona ni dharau ukimwambia ni kwa ajili ya hao vijana wake, na inawezekana kabisa anasema kweli kwamba ni wao.

Maji yapime mbele ya aliyeleta dumu, asiondoke kabla. Chukua kidogo uweke kwenye sufuria, chemsha taratibu, mawese yenye maji yanapiga kelele na kurukaruka, yaliyo safi yanatulia. Dumu lenye maji lirudi na bodaboda ileile iliyolileta, nauli ikakatwe huko kwenye mashine. Na wewe timiza upande wako, ukisema unalipa Ijumaa lipa Ijumaa hata kama ni mjomba, hasa kwa kuwa ni mjomba, maana yeye hana mdomo wa kukudai.

Kama miezi inapita na maji bado yanakuja, nenda kijijini mwenyewe, kaa siku nzima pale mashineni uone kazi inavyofanyika, umchukulie na sukari na sabuni, ndo uongee nae mkiwa wawili, shangazi zako wengine wasiwepo.